Njia ya Siku Tano

"Siku ishirini na tisa," Idrisi alisema. "Au thelathini. Itajulikana baadaye."

Mugendi aliinua kalamu kutoka kwenye ramani. Alikuwa amewaongoza watu Mlima Kenya kwa miaka kumi na minne, na hakuwahi kupata mteja asiyejua anarudi lini.

"Mzee, njia ya Chogoria ni siku tano. Ukitembea kama kobe, saba."

"Basi mimi ni kobe wa mwezi mzima."

Walikuwa katika chumba cha nyuma cha bucha ya Idrisi, mjini Embu, ramani imetandazwa juu ya meza ya kukatia nyama. Idrisi alikuwa na miaka hamsini na minane na kilo mia moja na sita. Tangu Agosti alikuwa akijidunga insulini kwa ajili ya ugonjwa wa sukari.

"Mkeo Mama Shamima anajua?"

"Anajua naenda mlimani."

"Nauliza sukari."

"Anajua daktari, na sasa wewe. Watu wa mji huu wakisikia unaumwa sukari, wanaanza kukupimia kaburi."

Mugendi alimweleza mambo yalivyo. Kule juu maji huganda usiku, na insulini ikiganda imeharibika. Hamu ya chakula hupotea, na anayejidunga bila kula huzirai. Kutoka Ziwa Ellis, kwenye njia hiyo, hadi hospitali ni safari ya siku nzima, ukungu ukikubali. Aliwahi kumteremsha mgonjwa mmoja mgongoni. Alimfikisha maiti.

"Nitalala nayo kifuani," Idrisi alisema. "Na kilele sina haja nacho. Tukae chini, kwenye mianzi. Watu wa Embu hupita huko?"

"Watu wa Embu wana akili. Wewe ngazi za ofisi ya kaunti tu unapumzika mara mbili."

"Mara tatu. Ya tatu hukuiona."

Mugendi hakucheka. "Masika yako karibu. Ngoja Julai, kukauke."

"Julai sina haja ya kusafiri."

"Nikikataa?"

"Nitaenda na Kaberia."

Kaberia alikuwa mwongozaji pia, mwenye mwendo wa haraka, na hakujua kutofautisha mtu aliyelala na aliyezirai. Mugendi akaandika pembeni mwa ramani: wapagazi watatu, machela moja. Alikuwa anapanga kumrudisha mtu huyu akiwa amelazwa, na hakuona njia nyingine.

"Niambie ukweli, mzee. Huko juu unafuata nini?"

Idrisi alichungulia dukani, akarudisha mlango.

"Chakula cha mchana," alisema. "Wiki ijayo Ramadhani inaingia. Msafiri anaruhusiwa kula."

"Na mgonjwa je?"

"Pia. Lakini msafiri haulizwi anaumwa nini."