Mtafsiri wa Banda la Video

Watu walijaa kwenye banda la video kumsikiliza Shekue akitafsiri filamu za kigeni kwa maikrofoni na kuzitia utani wake. Siku hiyo waliomba ile ya meli kubwa iliyozama. Hawakuwa wameitazama tangu kivuko cha mji wao kilipopinduka.

Meli ilipoanza kulala ubavu, vicheko vilikatika. Kwenye benchi la mbele aliketi Bi Mwanahamisi, ambaye mwanawe Hatibu hakuonekana tena baada ya ajali ile. Alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga.

"Msiogope," Shekue alisema, huku maji yakifurika kwenye skrini. "Boti zimefika. Wote wanaokolewa."

Kila mtu aliwaona abiria wakizama. Hakuna aliyembishia.

"Na Hatibu?" aliuliza Bi Mwanahamisi, macho yake yakiwa palepale kwenye skrini.

Shekue aliisogeza maikrofoni karibu na mdomo.

"Hatibu yuko mlangoni, mama. Anakamua shati. Anauliza kama umembakizia chakula."

Bi Mwanahamisi aligeuka kuutazama mlango. Banda zima likageuka naye.