Dirisha Lisilolia

Kwa mara ya nne mchana huo, Staringi alitoroka nyumbani kwao kupitia dirishani, na kwa mara ya nne akarudi kwa mlango wa mbele akiwa na kiberiti mkononi. Kiberiti kilikuwa kisingizio, endapo baba angeamka na kuuliza alikotoka. Sasa nyumba ilikuwa na viberiti vya kutosha kuunguza mtaa mzima, na mzee bado alikuwa kwenye kochi la sebuleni, mdomo wazi, anakoroma.

Alinyata hadi kwenye kabati la vyombo, akachomoa simu iliyofichwa katikati ya vikombe, akatoka nayo nje.

"Picha tumepata?" aliuliza Kamera, rafiki yake.

"Tumepata. Ila wewe na hiyo pua yako, ukipiga chafya tena nakuua."

Majina hayo waliyapata kwenye darasa la filamu la jioni, pale shuleni. Kila kundi lilitakiwa kutengeneza mwanzo wa filamu ya vijana, dakika mbili tu, na mwanzo utakaoshinda ndio ungetengenezwa kuwa filamu nzima. Staringi aliutaka ushindi huo kuliko chakula. Hadithi yake ilikuwa fupi: msichana anampita baba yake aliyelala, anatoka dirishani, anaanza maisha.

Safari ya kwanza, kabla ya siku ile ya viberiti, Kamera mwenyewe aliigiza baba, na ndevu za pamba. Darasa lilicheka mpaka mtu akaanguka kutoka kitini. Mwalimu hakucheka.

"Nitafutieni baba wa kweli," alisema.

Baba wa kweli alikuwepo, tatizo alikuwa wa kweli kupita kiasi. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na alishatamka zamani kwamba filamu ni uhuni uliowashiwa taa. Jioni alijua binti yake yuko chumbani anapasua kichwa na hesabu. Kumbe mzee akishajitupa kwenye kochi na kuanza kukoroma, binti alimpita kwa ncha za vidole na kutokea dirisha hilohilo kwenda darasani. Mwaka wa pili sasa. Siku atakayokamatwa ndiyo ingekuwa kwaheri filamu.

Isingekuwa uvivu wa mzee, asingekuwa na pa kupita. Mlango wa mbele ulikuwa na komeo la kuamsha wafu, na madirisha yote yalikuwa na nondo, hata lile la chooni ambalo paka asingepenya. La sebuleni tu ndilo lilisahaulika. Nondo zake zilikuwa tayari, zimepakwa rangi, zimeegemea ukuta wa nje zinashika kutu.

"Nitazipachika nikipata nafasi," baba alikuwa akisema. Binti aliomba asiipate.

Mwalimu aliitazama kazi ya pili hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Baba huyu nampa hongera, anakoroma kwa kipaji. Lakini dirisha la chuma linafunguka kimya hivyo? Huo uongo. Dirisha la chuma hulia. Lisipolia, nani ataogopa?"

"Mwalimu, la kwetu halilii."

"Basi mlilize."

Kweli lilikuwa halilii. La jikoni lilikuwa likiamsha majirani, lakini hili lilifunguka kama pazia, na Staringi alilihesabu kuwa bahati yake. Jumapili iliyofuata, baba alipokwenda kuoga, binti alizisugua bawaba za dirisha kwa kitambaa na sabuni. Kitambaa kikatoka cheusi tii. Akamalizia kwa kuzipaka majivu.

Baba alikula, akajinyoosha, akakoroma. Simu ikawekwa kati ya vikombe. Staringi akashika viatu mkononi, akapita, akasukuma dirisha.

Lililia kama mbuzi anayevutwa mguu.

Alibaki ameganda, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Baba aligeuka kidogo, akakoroma kwa sauti zaidi, kama anayeshindana na dirisha. Staringi akaruka na kutua juu ya lile tairi kuukuu lililolala pale chini miaka yote. Wakakimbia na Kamera mpaka dukani, wakacheka, wakanywa soda, ndipo akakumbuka kununua kiberiti.

Usiku wakiwa mezani, baba alisema, "Viberiti vimekuwa vingi humu ndani." Akatafuna kwanza. "Hesabu zinaendaje?"

"Vizuri, baba."

"Kazana, mwanangu."

Kamera alikaa na ile picha siku mbili. Alipunguza mwanga, akaongeza mkoromo, akakata pale mbele palipolegea. Huko mwishoni hakugusa wala hakutazama, maana kazi waliyopewa ilikuwa ya mwanzo tu.

Siku ya kuonyesha, safari hii hakuna aliyecheka. Dirisha lilipolia, wawili walijifunika macho. Msichana alipoganda, Mwalimu mwenyewe aliacha kutafuna kalamu. Aliporuka, makofi yakapigwa, na Staringi akajua ameshinda.

Kamera akainuka kuzima. Mwalimu akamzuia kwa mkono.

Kwenye picha iliyomulikwa ukutani, dirisha lilikuwa bado wazi, na mkoromo ulikuwa umekoma. Baba alifumbua jicho moja, kisha la pili. Akaingiza mkono chini ya mto wa kochi, akatoa kichupa cha mafuta ya cherehani, akazitia bawaba, ya juu na ya chini, akalifungua na kulifunga dirisha mpaka likanyamaza. Akachungulia nje kuona kama tairi liko mahali pake. Komeo la mlango wa mbele likagonga. Mzee akarukia kochi, akaanza kukoroma kabla hajafumba macho.