Nusu ya Nusu

"Rudi nyuma, mwanangu," mama alisema kutoka ndani. "Umeusogelea mno mlango."

Mwanawe akarudi nyuma. Alikuwa ametoka hospitali kwa mara nyingine, na safari hii alimpata daktari mwenyewe, si yule karani wa dirishani ambaye kazi yake ni kuwaambia watu waje kesho.

Yote yalianza siku mama alipopelekwa kupigwa picha ya mifupa. Alidungwa dawa, kisha akaambiwa asimkaribie mjamzito. Akashtuka. Mkwe wake alikuwa na mimba, na mbili za kabla yake zilikuwa zimetoka. Akauliza, hiyo dawa ina nini?

Mtaalamu wa mashine alimjibu macho yakiwa kwenye simu. Kwamba ndani yake mna viini vya atomi vilivyochangamshwa, na havina haraka ya kutulia. Kila kimoja kikitulia hutoa mionzi, ndiyo inayoonwa na mashine.

"Na itaisha lini?"

"Baada ya saa chache inabaki nusu. Halafu nusu ya nusu. Halafu nusu ya hiyo. Anayefuata."

Ndivyo wanavyosema na watu wetu, kama wanafukuza kuku.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alijua kitambaa ukikikata nusu, ukaikata na nusu yake, mkononi hakikosi kubaki kipande. Aliporudi nyumbani aliingia chumba cha uani, akajifungia komeo.

"Daktari anasema imekwisha, mama."

"Imekwisha kabisa, au imebaki kidogo?"

Angeweza kudanganya. Alishadanganya, akanaswa kwa sauti tu. Basi akasema kweli: daktari amesema kilichobaki hakuna kifaa kinachoweza kukipima.

"Kumbe ipo," mama alisema. "Ila wao hawaioni."

"Mama, huu sasa ni ukaidi."

"Nguvu za kubishana unazo, za kunifulia shuka huna." Akacheka kidogo. "Niite mkaidi. Mjukuu wangu sitamuua mimi."

Mlango wenyewe ulikuwa wa bega moja tu. Mwanawe alishauvunja siku moja. Mama alijikunyata pembeni akilia, akiwasihi wasimguse, mpaka wakamwita seremala aurudishe. Seremala hakuuliza kitu. Mtaa mzima ulikuwa unajua, na mtaa mzima haukuwa na la kufanya.

Mkewe akatoka jikoni na sahani ya chakula, lakini hakufika nayo. Binti yao wa pekee alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka shule, mkoba ungali mgongoni. Akaipokea sahani, akaiweka chini mbali na mlango, akarudi kinyumenyume hadi ukutani, kama alivyofundishwa tangu alipoanza kutembea.