Soketi Iliyoyeyuka

Harufu ya plastiki inayoungua umeisikia, ukageuza uso kama kawaida yako. Haya, tazama.

Chini ya dashibodi ya basi la shule, fundi Kondo alichomoa soketi ya feni ya kiyoyozi. Ilikuwa imeyeyuka, imegandana na waya zake.

"Hii ya kutupa, bosi. Na waya tubadilishe."

"Unga waya kwa waya, piga tepu," alisema Shebughe, mwenye basi. "Wazazi wanataka watoto wapulizwe ubaridi, hawataki hadithi."

"Fyuzi itakatika tena."

"Weka kubwa isiyokatika. Mbona umekuwa mwoga hivyo, fundi mzima?"

"Na lile basi la mwaka juzi? Tuliunga hivihivi, likaungua."

"Hilo lilikuwa la mwaka juzi."

Kondo akaunga, akapiga tepu, akaweka fyuzi kubwa. Watoto wakapanda. Madirisha yakafungwa ili ubaridi usitoke, basi likaondoka.

Sasa moshi mwembamba unatoka kwenye matundu ya kiyoyozi. Watoto wanaudaka kwa viganja, wanacheka. Dereva macho yake yako barabarani. Wewe umeuona. Kasimame mbele ya basi hilo, sasa hivi!