Nyama ya Kwao Mzee

"Lukwembe ndiyo nyama gani, Bi Tausi?" akauliza Shebe muuza nyama.

Tausi hajui. Mumewe mgonjwa, siku ya tatu hajala kitu, aliomba nyama alfajiri kwa neno hilo la kwao, kisha ulimi ukawa mzito.

"Basi nionyeshe mwilini mwako ilipo."

Tausi akagusa ubavu, akagusa paja, akasita karibu na kalio.

"Usimharakishe, Shebe," akasema mnunuzi mmoja. "Ng'ombe mwenyewe kapendeza."

"Nikatie kidogo kila mahali," Tausi akasema, bila kucheka.

Nyumbani akamwinulia mzee wake vipande kimoja kimoja, vibichi, amwonyeshe lukwembe ni kipi. Macho yakavipita. Kwenye cha mwisho kinywa kikafunguka, na Tausi akainama, asijue linalokuja ni neno au ni pumzi.