Mgeni wa Bi Kaa

Si zamani sana, katika tangi la kioo lenye maji ya chumvi, aliishi Bi Kaa, ambaye hakuna alichokipenda kama kusifiwa ukarimu. Jirani yake alikuwa Anemoni, mnyama aliyefanana na ua, mwenye minyiri ya kuwasha na watoto waliochipuka kila kona. Walipoanza kuyaunguza matumbawe, Bi Kaa akamwita Kamba, mla anemoni mashuhuri, aje awamalize.

Kamba alipofika tu, Anemoni akasema kwa upole, "Shoga, mgeni katoka safari. Utamfanyisha kazi na njaa? Watu watasemaje?"

Bi Kaa akaona haya, akamwandalia makombo aliyoyaweka akiba. Kesho yake Anemoni akamkumbusha tena. Siku ya tatu, ambayo mgeni hupewa jembe, Kamba akapewa sahani nyingine. Akala, akashukuru, akalala. Watoto wa Anemoni nao wakazidi kuota, hata wakaziba mlango wa Bi Kaa, asiweze kutoka kuokota chochote.

"Bwana Kamba, nisamehe," akasema kwa aibu. "Leo sina hata chembe."

"Afadhali," Kamba akajibu. "Njaa ndiyo panga langu, bibie, nawe hujaniacha nilinoe." Akaanza na wale wa mlangoni.

Alipomfikia mama yao, Anemoni akalia, "Shoga, mgeni halazwi na njaa. Huijui aibu yake?"

"Naijua, shoga," akasema Bi Kaa. "Ndiyo maana simzuii."