Mashuka ya Kitanda Kimoja

"Sita," Nesta alisema, akakata uzi kwa meno. "Nyumba hii inahitaji mashuka sita. Yasipungue."

Jairo, mumewe, alilitazama jora la amerikani lililotandazwa mkekani, akaguna. "Sita ya nini, mama wee? Kitanda chenyewe kitabaki kimoja."

"Mawili kitandani, mawili kwenye kamba yanakauka. Hayo manne. Na mawili mengine kwa sababu Luka bado anakojoa."

Loisi, aliyeshika upande wa pili wa kitambaa, aliinamisha kichwa. Luka alikuwa mwanawe yeye, wa miaka mitatu. Na huyu mama ameshamtia kwenye hesabu ya mashuka yake! Hata siku yenyewe hakuingoja ifike.

Maana mambo yalikuwa hivi. Jairo alitaka kubatizwa, na kanisa lilimwambia waziwazi: abaki na mke mmoja, yule wa kwanza, na wa pili arudi kwao. Nesta ndiye aliyekuwa wa kwanza. Miaka ishirini na mitano alikuwa katika mji huo wa Jairo pale Nanyala. Hakujaliwa mtoto, na kwao hakukuwa na mtu tena. Loisi aliolewa juzijuzi tu, miaka minne iliyopita, kutoka Mbangala. Angerudi Mbangala peke yake. Watoto wangebaki, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikwisha kupokelewa, na watoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Mtoto wa pili alikuwa bado ananyonya.

Mchungaji mgeni angefika kesho yake. Mwalimu Osea, aliyefundisha darasa la ubatizo pale kijijini, aliwaonya kwamba mchungaji huyo huingia mpaka chumbani. Anataka kuona kitanda kimoja, tena chenye mashuka, si ngozi ya ng'ombe.

Nesta aliyajua mashuka. Katika usichana wake aliwahi kuwafulia wazungu wa misheni.

"Shika pembe," alimwambia Loisi walipomaliza kupinda. "Siyo hivyo. Vuta. Chomeka chini ya godoro. Haya, tandua, anza tena."

Mara nne alimtandulisha. Khaa! Unamfundishaje mtu kutandika kitanda ambacho kesho atakiacha? Kama huo si ukatili, ni nini? Loisi alivuta, akachomeka. Machozi yalikwisha wiki iliyopita. Sasa alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, mikono ikifanya inachoambiwa.

"Shuka la mtoto lifuliwe asubuhi ileile. Ukiliacha lilale, harufu haitoki," Nesta aliendelea, uso mkavu, kana kwamba hana hili wala lile.

"Mama, kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu uko hapa. Vuta pembe."

Jioni kitanda cha Loisi kilitolewa nje na kufunguliwa kamba. Jairo aliifanya kazi hiyo mwenyewe. Tangu habari ya ubatizo ianze alikuwa akiulizwa jambo, anajibu kwamba kanisa ndilo linalojua. Loisi alikaa na wanawe wawili karibu na moto, akawatazama wakila. Alitaka kuhuzunika akashindwa. Moyoni mlikuwa na kitu kizito tu, basi.

Mchungaji alifika saa nne asubuhi kwa baiskeli, Mwalimu Osea akimfuata nyuma kwa miguu. Alikuwa kijana, ndiyo kwanza ahamishiwe huku Mbozi, hakumjua mtu. Aliingia chumbani, akalipapasa shuka la juu, akainua pembe moja kuangalia lililo chini.

"Vizuri sana," alisema. Akafungua daftari lake. "Na mashuka mengine?"

"Yako manne," Nesta alijibu.

"Vizuri sana," mchungaji alirudia. Akawatazama wanawake wale wawili, mmoja wa makamo, mwingine bado kijana mwenye mtoto kifuani, halafu akamgeukia Nesta. "Basi wewe ndiye mke wa kwanza."

Jairo alitazama miguu yake. Loisi alimsogeza mtoto titini. Alikuwa akipiga hesabu: atanyonya sasa, na labda mara moja tena kabla jua halijawa kali.

"Hapana, Mchungaji," Nesta alisema. "Wa kwanza ni huyu hapa. Yule mwingine amekwisha kwenda zake."

Mwalimu Osea, aliyecheza ngoma kwenye arusi ya Nesta, alikohoa, akainama kufunga kamba za kiatu.

Mchungaji aliandika. "Na wewe je, mama?"

"Mimi ndiye niliyemzaa huyu binti," Nesta alisema. Kisha akajifunika uso kwa kaniki yake, kama mama mkwe afanyavyo mbele ya mume wa bintiye, akampita Jairo bila kumtazama, akatoka.